Ukoo wa Bibi Marangu 🎄 KRISMASI + UBATIZO

*Jumapili, 15 Desemba 2024*

Mama Kelvin, 19:42
Haya jamani habari za jumapili, naona meseji ya asubuhi mmesoma wote tiki za bluu zimejaa ila wa kujibu hamna, narudia kwa mara ya mwisho, tunaondoka ijumaa tarehe 20 alfajiri pale stendi ya Magufuli Mbezi, siti kumi nimeshashikisha kwa yule kaka wa kila mwaka na anataka hela yake kesho maana siti za Moshi saivi zinagombaniwa kama sukari ya mgao, ubatizo wa mtoto wa Aika ni tarehe 26 Krismasi ya pili, mchungaji nimeshaongea nae, mbuzi wawili, mbege atapika mama Ndeshi, zimebaki tisheti

Mama Kelvin, 19:43
Aika mdogo wangu designi ya tisheti unatutumia lini, kitu kidogo tu dakika tano, mbele jina la ukoo nyuma jina la mtoto

Mama Kelvin, 20:06
???

Joe, 20:11
Kwani SGR haifiki Moshi

Mama Kelvin, 20:11
SGR inaenda Dodoma Joe usianze

Joe, 20:13
Basi Krismasi tukalie Dodoma, mbuzi wamejaa na treni ina AC, bibi tutamfuata na noah

Glory, 20:15
Anko ya Moshi ipo ila ni ile treni ya zamani iliyorudishwa 2019, unalala humo unaamka bado uko njiani 😂

Joe, 20:15
Hiyo ndo yangu, nataka kulala

Mama Kelvin, 20:18
Watu kumi hela za nauli zimeingia za watatu. Nipo hapa naandika majina.

Gudi, 20:40
👍

Mama Kelvin, 20:41
Gudi hicho kidole ni nauli?

Aika, 23:26
Shikamoo dada, ndo nashika simu tangu mchana. Tarehe 20 mi siwezi, nilikuambia kwenye simu ukasema tutaongea. Nina kalenda za 2025 za wateja watatu, mmoja kazi ilishafika kwa mchapaji Kariakoo wakanipigia simamisha kila kitu mkurugenzi kabadilishwa, na picha yake ilikuwa kwenye jalada na Januari na Juni, nimebadilisha zote, leo alfajiri saa kumi na moja jumapili wananiandikia mkurugenzi mpya anataka picha ile ya suti ya bluu sio ya kijivu. Mwingine ananiuliza kwanini nimeandika Idi "kutegemea mwandamo wa mwezi", anataka tarehe kamili, sasa mi mwezi nauandamisha? Mashine za Kariakoo foleni, ukitoka kwenye zamu yako unaenda nyuma ya watu wote, na kalenda ikitoka katikati ya Januari mteja haichukui na hela iliyobaki halipi. Halafu mtoto ana chanjo ya wiki 14 jumatatu tarehe 23

Mama Kelvin, 23:29
Lakini si unafanyia nyumbani? Beba hiyo kompyuta, Marangu umeme upo. Sisi tulioajiriwa ndo tumehangaika kuomba ruhusa kwa mabosi

Aika, 23:31
🎤 Ujumbe wa sauti 0:52

Aika, 23:33
Samahani alilia naandika kwa mkono mmoja. Umeme upo dada ila faili moja la kuchapisha linazidi giga, pale kwa mama mtandao mpaka usimame chini ya mparachichi na mvua isiwe inanyesha

*Jumatatu, 16 Desemba 2024*

Joe, 06:50
Nimesikiliza hiyo voisi mara mbili. Nimemsikia mtoto tu. Anasema yeye tisheti hataki

Glory, 06:58
😂😂😂

Mama Kelvin, 07:15
Mnacheka na yule kaka ameshanipigia. Aika siti yako niiachie?

Mama Kelvin, 07:16
Maana nikiiachia hutaipata tena utakuja kuning'inia na mtoto mchanga kwenye kosta za kuunga Segera Korogwe Same, safari ya kilomita zaidi ya mia tano, usije ukasema dada hakukupenda

Shemeji Frenk, 07:40
Shikamooni wote. Mimi nina harusi Arusha tarehe 21 na nyingine Moshi tarehe 28, kwahiyo natangulia na vifaa tarehe 19. Desemba ndo mwezi wetu, mnaowaona wanarudi kuoa kule juu ndo wanaolipa kodi ya nyumba mpaka Machi. Aika tulikubaliana apande akimaliza

Joe, 07:44
Frenk mtoto kazaliwa jumatatu, jumamosi yake uko kwenye send-off na kamera begani nilikuona kwa macho yangu, tena ulikula

Shemeji Frenk, 07:46
Shem baba aliyeajiriwa sheria inampa siku tatu. Mi nilikaa tano na hakuna aliyenilipa

Aika, 07:52
Na wenzangu walioajiriwa wana siku 84 za uzazi na mshahara unaingia. Mi wiki ya pili nilikuwa napanga shajara ya mtu huku nimekalia mto

Mama Kelvin, 07:55
Sawa lakini hiyo kazi ulichagua mwenyewe. Nafasi ya ile ofisi ya Baba Kelvin ilikuwepo ukakataa

Mama Kelvin, 07:56
Tuyaache hayo. Tisheti.

Aika, 08:20
Haya tuongee tisheti. Kadi za send-off ya Manka 300 nilidesign mimi, kadi za harusi nikadesign mimi, bango, mpaka lebo za maji. Kipaimara cha Kelvin mimi. Ratiba ya msiba wa baba mimi, usiku ule ule. Hakuna hata aliyeniuliza Aika bando umepata wapi. Sasa hivi dakika tano zangu nikizipata nalala dada

Glory, 08:22
Mamdogo 🫂

Mama Kelvin, 08:31
Msiba wa baba usiulete humu. Kila mtu alibeba lake na wengine tulibeba mpaka leo tunadaiwa. Tenki la maji la mama lile, mchango wa laki na nusu haujaisha na mwenye deni yumo humu ndani anasoma na kutuma vidole

Joe, 08:32
Nani huyo 👀

Joe, 08:32
Mi nilitoa tofali

Mama Kelvin, 08:33
Joe tofali zilikuwa za choo

Joe, 08:35
Tofali ni tofali. Choo kisingekuwepo tenki lingekuwa na kazi gani

Upendo kwa Bibi, 09:10
Shikamooni. Bibi ananiambia niandike kuwa ndizi za mtori ameshazitenga, na anauliza mtoto anakuja siku gani, na anakunywa vizuri? Pia anauliza Joe kama anakuja na mtu

Joe, 09:11
Mtandao unasumbua

Mama Kelvin, 09:12
Unaona Aika. Mama anahesabu siku.

Mama Kelvin, 12:30
Jamani siti

Mama Kelvin, 14:02
Nimelipia siti za watu ambao hawajatuma kwa hela yangu ya ada ya Kelvin, mjue hivyo

Baba Mkubwa, 17:05
Nawasalimu wote. Nimesoma tangu jana. Mama yenu hajambo, nilikuwa kwake mchana.

Nina maneno mawili. La kwanza, mtoto huyu ana babu na bibi Mbeya. Nani kati yenu amewauliza kuhusu tarehe 26? Mbuzi nimesikia, tisheti nimesikia, wazee wa Mbeya sijasikia.

La pili, kompyuta ya kwanza ya Aika iliuzwa mwaka gani na kwa ajili ya nini, mnakumbuka. Asiambiwe tena kwamba hana kazi.

Shemeji Frenk, 17:31
Shikamoo Baba Mkubwa

Glory, 17:32
Shikamoo Babu

Aika, 17:40
Shikamoo Baba Mkubwa. Asante

Joe, 17:44
Shikamoo Baba Mkubwa

Baba Mkubwa, 17:50
Marahaba.

Mama Kelvin, 18:37
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumekusikia. Mi nilijua Frenk ndo atawaambia wazazi wake, na mchungaji ndo alinipa hiyo tarehe maana watoto wengi wanabatizwa siku hiyo

Shemeji Frenk, 18:41
Mi nilijua dada umeshaongea na wazee, uliandika "nimeshaongea". Mama alinipigia wiki iliyopita ananiuliza kama ni kweli, yeye anajua ni Pasaka. Nikamwambia ngoja niulize

Mama Kelvin, 18:42
Sasa mbona hukuuliza?

Shemeji Frenk, 18:44
Kulikuwa na mada ya tisheti

Joe, 18:44
😭

Aika, 18:58
Halafu barua ya kutoka usharika wetu wa huku Dar bado hatujapata, mzee wa kanisa kaangalia bahasha zetu za sadaka anasema ahadi ya mwaka hatujaimaliza, na mchungaji wa Marangu bila barua habatizi. Nlitaka nimalizie kalenda zikilipwa. Ndo maana mi nilikuwa nasema Pasaka tangu Oktoba

Mama Kelvin, 19:03
Na mbuzi nimeshatoa kianzio

Joe, 19:04
Mbuzi hawana habari na ubatizo, tutawala tu. Wao ndo wanasubiri barua?

Mama Kelvin, 19:05
Joe siku moja nitakutoa kwenye hili grupu

Joe, 19:05
Ahadi ya tangu 2020

Glory, 19:20
Mama usinikasirikie. Chuo tumefunga, mi nibaki huku na mamdogo mpaka tarehe 23, nimshike mtoto mchana yeye amalize kazi zake, tumpeleke chanjo halafu tupande wote

Aika, 19:21
Glory njoo hata kesho. Usilete kitu, njoo na mikono

Mama Kelvin, 19:24
Na tiketi yako Glory? Nani alikuruhusu? Na mkipanda siku hiyo hiyo ya sindano mtoto akipata homa katikati ya njia, Mombo hapo, mtamfanya nini

Aika, 19:27
Ya wiki 10 alipata homa usiku mmoja ikaisha. Tukipanda tarehe 24 asubuhi tunafika mkesha. Mchapaji kaniahidi jumamosi anamaliza mzigo wa kwanza, ila ahadi ya mchapaji Desemba naijua

Mama Kelvin, 19:30
Tarehe 24 hakuna basi lenye siti mdogo wangu, unaota

Joe, 19:33
Kuna jamaa yangu anapanda na harrier yake tarehe 24 usiku, mabasi yenyewe si yanaruhusiwa usiku tangu mwaka jana

Mama Kelvin, 19:34
Jamaa yako yupi, yule wa Pasaka?

Joe, 19:36
Alishaacha pombe

Shemeji Frenk, 19:37
Hapana shem

Mama Kelvin, 19:52
Haya. Siti ya Aika na ya Glory nazishikilia mpaka kesho saa sita mchana, namuuliza yule kaka kama anaweza kuzihamisha zikawa za 24, akikataa naziuza. Frenk piga Mbeya leo hii sio kesho, halafu nipe simu niongee na mama yako mwenyewe. Mchungaji simwambii kitu kwanza

Baba Mkubwa, 20:10
Mchungaji nitamwona mimi.

Mama Kelvin, 20:11
Sawa Baba Mkubwa

Shemeji Frenk, 21:15
Nimeongea na mama. Anasema anashukuru kuulizwa, ila jibu atalitoa mzee akirudi toka shamba alhamisi

Mama Kelvin, 21:16
Alhamisi ndo unaondoka na sisi ijumaa

Shemeji Frenk, 21:18
Ndio

Aika, 21:44
Mteja wa suti ya bluu kasema sasa warudishe ya kijivu

Joe, 21:45
Aweke zote, bluu Januari kijivu Juni

Aika, 21:47
Joe usiseme kwa sauti watakusikia

Gudi, 22:58
Nimetuma 50 kwa namba ya Mama Kelvin

Mama Kelvin, 22:59
Imeingia. Ya nauli?

Gudi, 23:20
Ya tenki

Mama Kelvin, 23:21
Imebaki laki. Na nauli. Tisheti unavaa saizi gani?