Namna ya kuiga umbali na mwendo mezani wakati wa kutesti vifaa vya Wi-Fi

skana_stoo:
Wakuu habari za humu, naombeni mwongozo kwa wanaoijua redio vizuri. Tunaandika fimuwea (programu ya ndani ya kifaa) ya skana za mkononi, zile za kusomea bakodi kwenye maghala, na malalamiko ya wateja karibu yote yanaangukia sehemu moja, mtu wa stoo akitembea na skana kutoka AP (kifaa kinachorusha Wi-Fi) ya mlangoni kwenda ya mwisho wa ghala, skana inaing'ang'ania ile ya mlangoni mpaka mawimbi yanakwisha kabisa ndo inakatika, inatafuta tafuta sekunde kadhaa halafu ndo inashika ya karibu. Hapo katikati mtu ameshasoma boksi tatu na hakuna kilichofika kwenye seva.

Kutesti tunatesti kwa miguu. Mmoja anabeba skana anatembea koridoni kwenda na kurudi, mwingine anakodolea logi kwenye laptopu. Sasa leo unapata matokeo haya, kesho mengine, mlango ukifungwa yanabadilika, watu wakijaa koridoni yanabadilika, jirani akiwasha rauta yake mpya ndo kabisa. Siwezi kusema kwa uhakika kama fimuwea mpya ni bora kuliko ya zamani au ni vile tu jioni ile koridoni hakukuwa na watu. Nasikia maabara za wenzetu wanaiga umbali na mwendo mtu akiwa amekaa kwenye kiti. Inafanyikaje, na ofisi ndogo inaiweza? Skana zetu zina antena moja ya ndani lakini kwenye bodi kuna kontakta ya u.FL, kile kitundu kidogo cha kuchomekea kebo ya antena, na AP zetu antena zake zinafunguka.

fundi_desibeli:
Mkuu karibu sana. Kitu cha kwanza toa mita kichwani weka desibeli (dB), kipimo cha mawimbi kupungua au kuongezeka. Redio haijui kama iko mita tano au mia kutoka kwa AP, inachojua ni mawimbi yamefika yakiwa na nguvu kiasi gani na kelele ni kiasi gani, basi. Kwa hiyo ukiweza kuyapunguza mawimbi ndani ya kebo kwa kiwango kilekile ambacho hewa ingeyapunguza, kwa redio hiyo umeisogeza mbali hata kama iko kwenye kiganja chako.

Hesabu yake sehemu ya wazi isiyo na kizuizi iko hivi, kwa 2.4 GHz mita 1 ya kwanza peke yake inakula kama 40 dB, ukifika mita 10 ni 60, mita 100 ni 80. Yaani umbali ukizidi mara kumi unaongeza 20 dB, ukizidi mara mbili unaongeza 6. Kwa 5 GHz jumlisha kama 7 juu ya hapo. AP inayorusha 20 dBm (dBm ni nguvu yenyewe, ikihesabiwa kutoka milliwati 1) ukiitoa 80 inafika -60 dBm, hiyo ni mita 100 uwanjani. Kwenye ghala lenye rafu za chuma utaiona hiyo -60 mapema sana.

Vitendo sasa. Unafungua antena za AP, unaunganisha kwa kebo ya koaksia kwenda kwenye atenueta, kifaa cha kupunguza nguvu ya mawimbi, halafu kwenye skana. Atenueta ziko aina mbili za kukuhusu, zile ndogo za kufunga zenye kiwango kimoja, 10, 20, 30 dB, na zile zinazoamrishwa na kompyuta kwa USB au kwa kebo ya netiweki ambazo unazipandisha na kuzishusha utakavyo, nyingi zinaenda mpaka 60 na ushee na nyingine 90 na kitu, kwa hatua za nusu dB au hata robo. ANZA na ile ndogo ya 30 kabla ya kitu kingine chochote!! 20 dBm ni milliwati 100, ukiziingiza moja kwa moja kwenye mdomo wa redio nyingine unaweza kuiua. Tundu za AP usizotumia zifunge na kizibo cha omu 50 kinachomeza mawimbi, usiziache wazi.

Kwa kesi yako ya kuhama unahitaji AP mbili, kila moja na atenueta yake ya kuamrishwa, zinakutana kwenye splita ya njia mbili (nayo inakula 3 dB na zaidi kidogo, usisahau kuihesabu), ndo kebo moja inaingia kwenye skana. Skripti inapandisha ya A huku inashusha ya B, na skana itaamini kabisa kwamba inatembea.

neema_rf:
Naongezea kwa fundi hapo juu, na kwangu hii ndo sehemu inayoamua kama namba zako zina maana au hazina: kabla hujanunua atenueta nzuri nunua au tengeneza boksi la chuma la kufungia kifaa ndani na kuziba mawimbi. Watu wananunua atenueta ya 90 dB wanaiweka mezani wazi, wanaipandisha mpaka mwisho na simu bado ina mawimbi, wanadhani atenueta mbovu. Mawimbi hayapiti kwenye kebo tena hapo, yanaruka hewani kutoka kwenye bodi ya AP mpaka bodi ya skana, mita moja tu. Kama boksi lako linavuja kwa 60 dB basi hata uweke atenueta ya 200 hutavuka 60.

Namna ya kujua ni rahisi. Chomoa kebo kwenye skana, mwisho wa kebo funga kizibo cha omu 50, tundu la skana nalo funga chake. Washa vyote. Skana ikiliona jina la AP kwenye orodha, kuna mvujo, usiendelee na chochote mpaka uumalize. Mara nyingi utaukuta kwenye vitu vitatu. Mfuniko wa boksi, maana ufa mrefu ndo mlango wenyewe, kwa 2.4 GHz nusu ya wimbi ni sentimita 6 hivi na ufa wa urefu huo unapitisha bila shida, kwa hiyo zungushia tepu ya shaba au gasketi ile inayopitisha umeme ili chuma kikamate chuma pande zote. Halafu waya wa USB unaoingiza umeme, ule unabeba mawimbi kwenda nje kama antena, unahitaji filta pale unapopenya ukuta wa boksi. Na kebo zenyewe, RG-58 za bei rahisi zinavuja, tafuta zenye ngao mbili, na kontakta za SMA uzikaze ipasavyo, iliyolegea nusu mzunguko inabadilisha matokeo yako bila kukwambia.

Mambo mawili ya hiyo u.FL. Moja, kwenye bodi nyingi kuna kirizista kidogo sana cha omu 0 kinachochagua kati ya antena ya ndani na u.FL, usipokihamisha utachomeka kebo na mawimbi yataendelea kwenda kwenye antena ya ndani, kaangalie mchoro wa bodi. Pili, kontakta hizo zimetengenezwa kwa kuchomekwa kama mara 30 tu kisha zinalegea. Weka kikebo kifupi cha u.FL kwenda SMA, kiache humo moja kwa moja, kichomeke chomeke upande wa SMA.

skana_stoo:
Dah asanteni sana, tayari nimepata zaidi ya nilivyotegemea. @neema_rf hilo la kirizista nitalicheki kesho. Maswali mawili. Kwa nini nisishushe tu nguvu ya kurusha kwenye AP kwa programu, bure kabisa bila atenueta? Na je nikipandisha 1 dB kila sekunde hiyo ni sawa na mtu anayetembea?

mwl_mawimbi:
La kwanza, ukishusha nguvu ya AP umeiga upande mmoja tu. Skana inaisikia AP kwa shida lakini AP inaisikia skana vizuri kabisa, na mbali halisi haiko hivyo, mbali inapunguza kwenda na kurudi. Atenueta inakata pande zote mbili kwa sababu mawimbi yanapita humohumo. Halafu AP nyingi hazishuki zaidi ya 20 dB hivi kutoka juu, utaishia njiani.

La pili hapana, si sawa, na hapa wengi wanapita haraka mno. Mtu anatembea karibu mita 1.4 kwa sekunde. Akitoka mita 1 kwenda mita 2 anapoteza 6 dB, hiyo ni chini ya sekunde moja. Akitoka mita 50 kwenda 51 anapoteza chini ya 0.2 dB. Kwa hiyo ukipandisha 1 dB kila sekunde bila kubadilika, karibu na AP unaenda polepole kuliko mtu, na mbali unaenda kwa kasi ya gari. Algorithimu ya kuhama ya skana inaangalia kasi ya kushuka pia, utairekebisha kwa dunia ambayo haipo.

Fanya hivi, kwenye skripti chora ghala lako, AP ziko wapi, mtu anapita njia gani, kila sehemu ya kumi ya sekunde kokotoa umbali wake mpaka kila AP, geuza kuwa dB, tuma kwa atenueta. Ndani ya ghala lenye vizuizi tumia 30 dB kila umbali unapozidi mara kumi badala ya 20. Akikata kona nyuma ya rafu iliyojaa maji ya chupa weka anguko la ghafla la 10 au 15 dB, maana ndivyo inavyokuwa, hakuna mteremko wa pole pole pale. Juu yake ongeza mtikisiko wa haraka, mawimbi yanagonga chuma yanarudi yanakutana na mengine, sehemu yanajumlishana na sehemu yanauana, na mashimo hayo yako kila sentimita 6 hivi, kwa mtu anayetembea ni zaidi ya 20 kwa sekunde. Atenueta ya USB inaweza isiwahi yote, lakini hata mtikisiko nusu nusu unafichua skana inayopagawa na kushuka kwa sekunde moja.

Ila njia ninayoipenda kuliko zote ni kurekodi. Nendeni ghala halisi la mteja, tembeeni na kifaa kinachoandika nguvu ya kila AP kila baada ya muda mfupi, rudini na faili hilo, mlichezeshe kwenye atenueta. Kila fimuwea mpya inapita kwenye matembezi yaleyale kabisa, hata saa nane usiku hakuna mtu ofisini.

Suala la frikwensi ya mawimbi kubadilika kwa sababu ya mwendo usihangaike nalo, kwa mwendo wa miguu kwenye 2.4 GHz ni kama Hz 11 tu. Kwa gari la kilomita 100 kwa saa ni kama 220, hapo ndo watu wanaanza kutafuta mashine kubwa za kuiga njia ya mawimbi, na bei zake ni habari nyingine kabisa.

linki_ndefu:
Nidakie hapo kwenye umbali. Atenueta inaiga kupungua lakini haiigi muda. Kilomita moja ya hewa ni maikrosekunde 3.3, ghalani hiyo haina maana ila kama kuna msomaji anatesti linki za kilomita 15 mlima kwa mlima, kwenda na kurudi ni maikrosekunde 100, na redio inayosubiri jibu kwa muda mfupi itadhani pakiti imepotea na itairusha tena na tena. Mezani na atenueta itafanya kazi safi, ukiipeleka mlimani spidi inakufa. Kwenye Linux kuna `iw phy phy0 set distance 15000`, inaiambia redio isubiri jibu kwa muda unaotosha mita hizo, kwa draiva zinazokubali. Na `tc` na netem yake haikusaidii kwa hili, ile inachelewesha pakiti za IP huko juu, redio chini haijui lolote.

skana_stoo:
Nashukuru mno walimu wangu. Wakati nasubiri bajeti ya atenueta ipite kuna namna ya kuanza kwa programu tupu? Skana zinatumia Linux na wpa_supplicant, ile programu ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi.

fundi_desibeli:
Ipo, na anza nayo leo. Pakia `mac80211_hwsim`, hiyo inakutengenezea redio za uongo ndani ya kernel (kiini cha Linux), `modprobe mac80211_hwsim radios=3`, mbili zifanye AP kwa hostapd (programu ya kuigeuza redio kuwa AP) na moja skana. Juu yake weka wmediumd, hiyo unaipa nafasi za redio na inakokotoa upotevu kati yao. Haitakwambia lolote kuhusu redio yako ya kweli, wala antena wala joto, ila mantiki ya kuhama unaitesti vizuri tu.

Na kwa jinsi ulivyoeleza tatizo, angalia mstari wa bgscan, unaopanga skana itafute AP nyingine kila baada ya muda gani, kwenye konfigi ya wpa_supplicant kabla ya kitu kingine. Ukikuta kitu kama `simple:30:-65:300` maana yake mawimbi yakiwa chini ya -65 skana inatafuta AP nyingine kila sekunde 30, yakiwa juu ni kila 300. Piga hesabu na ile mita 1.4 ya mwalimu, sekunde 30 mtu ameshatembea mita 42, ameshapita rafu ngapi hapo? Ipunguze, pima muda kati ya pakiti ya mwisho iliyojibiwa kupitia A na ya kwanza kupitia B, tuma ping kila milisekunde 20 ili uone vizuri, halafu ubadilishe kitu kimoja kimoja. Ukiipata namba ilete hapa tuione, weka na faili la matembezi kama mteja ataruhusu.