Naombeni ushauri: kalsiamu ya kabla ya hedhi pamoja na vidonge vya kuongeza damu

Wapendwa, kwa matiti kuuma, tumbo kujaa na hasira za kabla ya hedhi, nataka kutumia kalsiamu kaboneti kila siku kwa miezi 3, si zile siku za maumivu tu. Kidonge cha miligramu 1,250 kina kalsiamu halisi 500 (lebo hizi zinachanganya!), hivyo viwili kwa siku, kimoja kimoja pamoja na chakula, maana dozi kubwa kwa mkupuo haifyonzwi vizuri. Figo hazina mawe. Kikwazo ni vidonge vya damu: kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma. Vya damu nimeze asubuhi tumbo tupu, kalsiamu mchana na usiku? Na choo kikiwa kigumu, nihamie kalsiamu sitreti, au magnesiamu, ambayo nayo huharisha?