Nataka kumsifu mamkubwa akiwa hai: nitunge mwenyewe au nimlipe mwimbaji?

Kijana wa Mikindani:
Habari za jioni, wana jamvi. Mimi nimelelewa na mama yangu mkubwa hapa Mikindani. Miaka yote alikuwa anabangua korosho uani. Anazichoma kwenye bati, moshi unatufukuza mpaka barazani, zikipoa anajipaka majivu viganjani na kuanza kugonga, moja moja. Mafuta ya lile ganda yanaunguza kwelikweli. Vidole vyake vina madoa meusi hadi leo. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye vidole hivyo.

Desemba tunamtoa mwali, ukoo wote utakuwepo, nikaona ndiyo nafasi. Nikamfuata mwimbaji mmoja wa ngoma. Akasema nimpe elfu ishirini, atamtaja. Atamtajaje? "Mama wa maendeleo." Jamani! Siku hizi kila mtu ni mama wa maendeleo, hata yule anayekimbia deni la kikoba.

Basi nimejaribu utenzi. Msinicheke:

Mama mkubwa nakusifu
Kwa mikono mikunjufu
Wala hukuwa dhaifu
Korosho ukabangua

Unafaa kusomwa mbele za watu?

Fundi Mizani:
Kijana, vina umepatia: fu, fu, fu, na hiyo "-a" ya mwisho iwe kina cha bahari, irudi kila ubeti hadi umalize. Ila mstari wa kwanza una mizani, yaani silabi, tisa badala ya nane. Umeisahau "m". M-ku-bwa ni tatu, si mbili. Wanaoanza kutunga wengi hunaswa hapo. Andika "Mamkubwa nakusifu", zitatimia nane. Na kwenye kichwa cha mada yako umeandika hivyohivyo, bila shaka ndivyo unavyomwita nyumbani.

Somo wa Shangani:
Mizani sijui, mwanangu, lakini nimekaa na wanawali wengi. Ubeti wako hauna tofauti na "mama wa maendeleo". "Dhaifu" mtu yeyote anaweza kutokuwa. Bati liko wapi? Majivu je? Huku juu umetueleza vizuri hadi nikausikia ule moshi, ukifika kwenye shairi unavaa suti. Tena weka kiitikio kifupi wanawake wadakie. Ukisoma peke yako kama risala, watakupigia vigelegele vya adabu tu, halafu waendelee na pilau.

Mwalimu Mstaafu, Lindi:
Nimtetee kidogo huyo mwimbaji. Kulipwa ili usifu si jambo la leo. Pindar wa Ugiriki, karne ya 5 kabla ya Kristo, alikuwa akilipwa kutunga nyimbo za kuwasifu washindi wa mbio za farasi na mieleka, na tungo zake zinasomwa hadi leo. Kosa la huyo wako ni uvivu, kwamba wimbo mmoja anawavisha watu mia.

Lakini hilo la kusifu mtu akiwa hai, kijana, lishike. Shaaban Robert alimtungia mkewe Amina shairi zuri mno, wengine tulilikariri darasani. Amina mwenyewe hakulisikia, alikuwa ameshazikwa.

Kijana wa Mikindani:
Shikamoo mwalimu, shikamoo somo. Ahsante Fundi. Jana usiku nimeutupa ule mstari wa "dhaifu", nikaliingiza bati:

Mamkubwa nakusifu
Kwa mikono mikunjufu
Na bati lenye masufu…

Hapo nikakwama, maana sufu ni manyoya ya kondoo, bati na sufu wapi na wapi! Nikaona nimsomee mwenyewe jikoni, nikijifanya naulizia kina. Akasikiliza huku anakuna nazi, hata hakugeuka. Nikadhani hajaelewa kwamba ni yeye. Mwishoni akasema, "Lile bati lilikuwa la jirani. Usinisifu kwa bati la watu, mtaje na yeye."

Sasa nahesabu upya. Ji-ra-ni, tatu. Zimebaki tano.