Bahasha ya Mama: gumzo la kikundi cha familia

Neema (Houston): Shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Jamani, naomba lile la nyumba tulimalize leo, lisisogezwe tena hadi Krismasi.

Mama: Marahaba mwanangu. Mbona lilishakwisha? Nilisaini ile hati ya nyumba kuwa yenu nikifa, ile "transfer on death deed", mwezi wa tatu, na notari, yule wa kuthibitisha saini, akagonga muhuri. Bahasha iko droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza.

Baraka (Dallas): Mama, hapo ndipo moyo umenilipuka. Mjomba naye alisaini, akagongewa muhuri, akaiweka kabatini. Alipofariki ile hati haikutusaidia kitu. Miezi 14 tukahangaika na mirathi mahakamani, huku wakili anataka chake na kodi ya majengo inatudai.

Rehema: 📷 Nimeipiga picha. Muhuri wa notari uko chini, wa bluu. Juu kulia ni peupe.

Neema: Hapo peupe ndipo pangekaa namba na tarehe ya karani wa kaunti. Haijasajiliwa! Hati hizi zimeruhusiwa Texas tangu Septemba 2015, lakini sharti isajiliwe kaunti ile ile yenye nyumba, mwenyewe akiwa hai. Ukiipeleka baada ya mazishi umechelewa.

Mama: Kwa hiyo ningekufa jana?

Neema: Yangekuwa yale yale ya Mjomba, Mama.

Shangazi (Moshi): Marahaba wanangu. Wifi, mimi naogopa. Ukishaisajili si nyumba imekuwa ya watoto? Huku tumeona wazee wakitolewa kwenye nyumba walizojenga wenyewe.

Neema: Shangazi, hofu yako ni ya kweli kama Mama angetuhamishia umiliki leo. Kwa hati hii, Mama akiwa hai sisi hatuna hata tofali. Anaweza kuuza, kukopea au kuifuta bila kutuuliza.

Baraka: Na mimi nikidaiwa, mdai wangu haigusi.

Shangazi (Moshi): Basi nifanyieni na kiwanja changu cha Himo.

Neema: Ya Texas ni kwa mali iliyo Texas tu, Shangazi. Cha Himo andika wosia. La sivyo watakaa kikao cha ukoo, wapeleke muhtasari mahakamani, ndipo apatikane msimamizi wa mirathi.

Mama: Sasa niwaambie. Kwenye wosia wangu niliandika nyumba ni ya Rehema. Hati inawataja watatu. Ikisajiliwa, ipi inashinda?

Neema: Hati. Wosia hauwezi kuitengua hati iliyosajiliwa. Kwa hiyo Mama sema moyo wako sasa, tuandike mpya.

Rehema: Mama, mimi sitaki tugombane kwa ajili ya nyumba.

Baraka: Hatugombani. Miaka yote ya dialisisi ni wewe uliyekuwa unamwamsha Mama saa kumi alfajiri na kumpeleka. Mama, andika Rehema. Nasema mbele ya Shangazi.

Neema: Na mimi nasema hivyo hivyo. Ila atajwe na mrithi wa akiba. Mrithi lazima aishi saa 120 baada ya mwenye nyumba. Ajali ya gari moja inaweza kuwachukua wote wawili.

Mama: Mungu apishe mbali. Basi Rehema, na wa akiba Neema na Baraka sawa kwa sawa. 😭 Mmenipumzisha wanangu.

Neema: Rehema, deni la benki halifi na Mama, linabaki na nyumba.

Rehema: Najua dada. Marejesho nayalipa mimi tangu 2022.

Neema: Jumanne nimeomba ruhusa kazini. Notari saa tatu, tukitoka hapo moja kwa moja kwa karani, hatupiti dukani wala wapi. Mama, usisahau kitambulisho.

Mama: Na hii ya droo?

Neema: Ichane tu.

*Jumanne*

Rehema: 📷 Juu kulia pamejaa.

Shangazi (Moshi): Asante Yesu. Mpeni wifi chai.