Je, wenyeji wa California walimalizwa na maradhi tu?

Ndugu aliyetangulia kuchangia anadai kwamba wenyeji wa Amerika walipungua kwa ndui na surua, maradhi ambayo miili yao haikuyazoea, na kwamba kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Kuhusu maradhi simpingi. Hitimisho lake ndilo ninalolikataa, na ushahidi wangu ni California.

Wahispania walipoanza kujenga misheni zao huko mwaka 1769, wenyeji wanakadiriwa kuwa walikuwa takriban 300,000. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1848 walibaki kama 150,000, na katika upungufu huo maradhi yalichangia sana. Lakini kufikia 1870 hivi walikuwa wamesalia kama 30,000, na hapo ndipo hoja ya maradhi pekee inapokwama. Aprili 1850 Bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyowawezesha walowezi kuwachukua watoto wa wenyeji na kuwatumikisha, na iliyokataza mzungu kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mwenyeji. Mwezi uliofuata, kando ya ziwa Clear Lake, wanajeshi wa Marekani chini ya Nathaniel Lyon waliwaua Wapomo, jamii mojawapo ya wenyeji, wanawake na watoto wakiwemo, kulipiza kisasi cha kuuawa kwa walowezi wawili, Stone na Kelsey, waliokuwa wamewafanya Wapomo watumwa na kuwashindisha njaa hadi baadhi yao wakafa. Wengi wa waliouawa ziwani hawakuhusika na vifo vya wawili hao. Januari 1851 gavana Peter Burnett aliliambia Bunge kwamba vita vya kuwaangamiza wenyeji vingeendelea mpaka watoweke.

Tena, maradhi yenyewe hayakufanya kazi peke yake. Surua humuua kwa urahisi zaidi mtu aliyefukuzwa penye chakula chake, ambaye mito yake ya samaki imejaa tope la migodi. Na jamii iliyoporwa wasichana na wanawake wake haiwezi kuzaa kiasi cha kufidia waliokufa, hata mlipuko ukishapita.

Wapo wanaosema kwamba yale yalikuwa matendo ya wahuni wa migodini, wala si ya serikali. Jimbo lilitoa hati za mkopo kuwalipa wanamgambo waliowawinda wenyeji, na mwaka 1854 Bunge la Marekani likaidhinisha zaidi ya dola 900,000 kulirudishia jimbo gharama hizo. Anayeshikilia kwamba hakuna wa kulaumiwa atueleze fedha hizo zililipia nini.