Umoja wa wenye viwanda vya vifaa vya ujenzi: ukague wanachama wake au uishie kwenye ushuru?

Mzani:
Wakuu, kila bajeti inapokaribia wenye viwanda hupeleka mapendekezo serikalini kupitia umoja wao, CTI kwa Tanzania na KAM kwa Kenya. Kazi hiyo wanaiweza. Ninachodai ni kwamba anayeomba soko lilindwe dhidi ya mali ya nje awe tayari pia kukagua ya kwake na kumtimua mwanachama anayepunja.

Chukueni nondo ya milimita 12. Uzito wake sahihi ni kilo 0.888 kwa mita (kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162). Kata vipande vitatu vya mita moja kutoka mafungu tofauti, kwangua kutu, weka kwenye mzani wa gramu. Ikija gramu 750, hiyo ni nondo ya 11 iliyouzwa kwa jina la 12. Nguzo iliyopigiwa hesabu ya nondo nne ilitakiwa ipate milimita za mraba 452 za chuma, imepata 380. Zege likishamwagwa, nani ataona?

Na msiniambie mashine imechakaa. Roli (magurudumu ya chuma yanayobana chuma cha moto kuwa nondo) zikichakaa mfereji wake hupanuka, nondo hutoka nene. Nyembamba hutoka pengo la roli likibanwa. Kiwanda kinanunua chuma ghafi kwa tani, dukani nondo inauzwa kwa kipande. Faida iko hapo katikati.

Karai na Koleo:
Hesabu zako sina ugomvi nazo mkuu. Ila umoja unaishi kwa ada za wanachama. Kiwanda kikubwa kikikutwa na kosa, nani atakitimua, na pengo la ada ataliziba nani? TBS, shirika la viwango la Tanzania, ina sheria nyuma yake: inazuia mzigo, inafuta leseni ya alama ya ubora. Umoja hauwezi hata kuingia ghalani kwa mtu.

Kuna hatari kubwa zaidi. Afrika Kusini kampuni za saruji zilizogawana soko kwa siri zilikuwa zinapeleka takwimu za mauzo kwenye taasisi yao ya pamoja, Cement and Concrete Institute. Kila moja ilirudishiwa jumla ya soko kwa eneo na aina ya bidhaa. Ukigawanya mauzo yako kwa jumla hiyo unajua fungu lako, na unajua mara moja kama kuna mwenzako amevuka mlichokubaliana. PPC ikaungama na kupewa msamaha. AfriSam ikalipa faini 2011, Lafarge 2012. Mkiupa umoja kazi ya kukusanya taarifa za viwandani, wekeni mpaka: takwimu ziwe za nchi nzima, za miezi iliyopita, bila kuchambua mkoa kwa mkoa.

Tanuru:
Naongeza moja. Kenya ilipoweka tozo ya asilimia 17.5 kwenye klinka ya nje (mawe yaliyochomwa tanuruni, yakisagwa ndiyo saruji) mwaka 2023, viwanda vyenye tanuru vilipata kinga, vinavyonunua klinka na kuisaga tu vikapandishiwa gharama. Wote ni watengeneza saruji. Mkisikia "wenye viwanda wanataka", ulizeni wepi.

Mzani:
Karai, hofu ya soko kugawanwa ni ya kweli, lakini uzito wa nondo si siri ya biashara. Sampuli zinunuliwe dukani kama mteja yeyote, kiwanda kisijue. Zipelekwe maabara isiyo ya mwanachama: uzito, kuvutwa, kukunjwa. Majibu yafike TBS siku ileile yanapofika kwenye umoja, ili mtu asiyafiche. Uingereza wana CARES, chombo cha kuthibitisha nondo tangu miaka ya 1980, na mkandarasi makini anaulizia cheti chake kabla ya kupokea mzigo.

Fundi Msingi:
Na tofali je? Mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi za saruji. Kwa mchanganyiko wa moja kwa nane unahitaji mchanga lita 280, basi. Anayetoa tofali 45 za inchi sita kwa mfuko ameshapita moja kwa kumi na tano. Kona zinamomonyoka kwa kidole. Huyo hana umoja wowote, yuko pembeni ya barabara na mashine moja. Mjadala wenu haumgusi, na nyumba nyingi zinasimama kwa tofali zake.

Karai na Koleo:
Fundi kasema kweli, huyo abanwe na halmashauri. Kwa nondo dawa ni kuuza kwa kilo, Wakala wa Vipimo wasimamie. Risiti iandikwe tani na idadi ya vipande. Kwa urefu wa mita 12, tani moja ni vipande 135 vya milimita 10, 94 vya milimita 12, 53 vya milimita 16. Ukihesabiwa 110 za milimita 12 kwenye tani, umepunjwa unene au urefu. Pima na urefu basi, maana nyingine zinaishia mita 11 na nusu.

Mzani:
La risiti nalikubali, na umoja unaweza kuwaagiza wanachama walianze bila kusubiri sheria. Lakini risiti haipimi chuma chenyewe. Chuma chakavu kikiyeyushwa bila kuondoa fosforasi na salfa, nondo inatimiza uzito na bado inapasuka fundi akiikunja kutengeneza pete za kufungia nondo za nguzo. Hapo bado nataka maabara, na gharama atoe kiwanda.