Mkono wa kushoto unanigomea kwenye kinanda kasi ikipanda. Tatizo ni ubongo?

Kinanda_Masasi

Wakuu salaam. Nipo Masasi, napiga kinanda kwaya ya kanisani kwetu. Muziki sijausomea, nilifundishwa na jamaa aliyekuwa anapiga kabla hajahamia Dar.

Kuna wimbo wa sadaka ambao mkono wa kulia unapiga mapigo matatu na besi ya kushoto mawili, ndani ya muda uleule. Nyumbani nikipiga polepole, safi kabisa. Kanisani sasa: mwalimu wa kwaya anapandwa na mzuka, wapiga ngoma wanachangamka, kina mama wanaanza kusogea mbele kwa madaha, kasi inapanda. Hapo mkono wa kushoto unaacha kazi yake na kuufuata wa kulia. Si kwamba unachoka. Unahama! Naisikia kabisa besi ikipiga matatu, na siwezi kuirudisha mpaka ninyamazishe kushoto kidogo halafu niingie upya. Wa kulia haujawahi kuufuata wa kushoto hata siku moja.

Kila mkono ukipiga peke yake unaiweza ile kasi, tena na zaidi. Rafiki yangu anasema eti pande zangu mbili za ubongo haziongei. Kuna ukweli hapo? Na nina miaka 34, au nimechelewa?

Mkorosho

Zoeza kushoto tu mkuu. Piga mswaki kwa kushoto, fungua mlango kwa kushoto, kata mboga kwa kushoto. Utakuja kunishukuru.

Fizio_Lindi

Ndugu Kinanda, mimi ni mtu wa fiziotherapia, niko Lindi, wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi. Rafiki yako kaligeuza jambo. Pande zako mbili zinaongea mno.

Upande wa kushoto wa ubongo unaendesha mkono wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto, kwa sababu nyuzi nyingi za neva huvuka pale shina la ubongo linapokutana na uti wa mgongo. Nyingi, si zote. Halafu katikati ya pande hizo kuna fungu nene, kopasi kalosamu, lenye nyuzi kama milioni 200, na kazi yake ni kupelekeana habari. Amri ya mkono mmoja inasikika mpaka upande wa pili. Ukienda polepole, ubongo unaweza kuizuia isiingilie. Kasi ikizidi, unazidiwa.

Hebu jaribu hapo ulipo. Viganja mezani, inua vidole viwili vya shahada, vichezeshe vyote kushoto, vyote kulia, kama waipa za basi. Ongeza kasi taratibu. Utafika mahali vitageuka vyenyewe na kuanza kukutana na kuachana, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Sasa anza na huo mtindo wa kioo uongeze kasi: haugeuki. Scott Kelso alilionyesha hilo Marekani miaka ya 1980, na mwaka 1985 yeye, Hermann Haken na Herbert Bunz wakaliandikia hesabu yake. Kwa hiyo mkono wako haujagoma, umekimbilia mtindo ulio rahisi kwa ubongo.

Kuna wagonjwa wa kifafa kikali waliokatwa lile fungu ili mshtuko usivuke upande wa pili. Mwaka 1996 watafiti huko Marekani waliwaomba baadhi yao wachore maumbo mawili tofauti, kila mkono lake, kwa wakati mmoja. Mimi na wewe hapo tunavuruga. Wao walichora bila mkono mmoja kuuharibia mwenzake. Ila usiwaonee wivu, maana kujifunza kazi mpya inayotaka mikono isaidiane huwa mtihani kwao.

Ninaloona linakuhusu zaidi ni la Ujerumani, 2001. Franz Mechsner na wenzake waliwapa watu vishikio viwili vya kuzungusha chini ya meza, wasivione. Kuzungusha mara nne mkono huu huku ule ukizunguka mara tatu ni balaa kwa asiyezoea. Wakafunga gia ili, mikono ikienda nne kwa tatu, bendera mbili juu ya meza zizunguke sawasawa. Watu wakaacha kuiwaza mikono, wakatazama bendera, wakaweza! Ndiyo maana hilo la mswaki silikubali. Kushoto kwako kunajua kazi yake. Unachokosa ni kitu kimoja cha kuiongoza mikono yote miwili.

Ngoma_Newala

Fizio kamaliza, mimi naleta bendera yenyewe. Huku kwenye ngoma hatuhesabu tatu kwa mbili, tunasikia moja. Sema "ma-ma njo-o". "Ma" ya kwanza na "o" ya mwisho zivute, mbili za katikati zikimbie. "Ma" ya kwanza, mikono yote. "Ma" ya pili, kulia. "Njo", kushoto. "O", kulia. Rudia bila kuacha mwanya. Ikikaa mdomoni, anza kugonga mapajani, kinanda baadaye.

BiMbanguaji

Wanangu, nimepita nikakuta mkono wa kushoto unasemwa, nikaona nisinyamaze. Mie nabangua korosho hapa Tandahimba. Korosho ikishakaangwa, wa kushoto ndio unaoichagua, unaigeuza ikae kwa ubavu juu ya jiwe, unaishikilia mpaka dakika ya mwisho, tena vidole vimepakwa majivu maana mafuta ya ganda yanachubua. Wa kulia kazi yake kupiga tu, na unangoja ukaribishwe. Wasichana wanaoanza hutazama kigongo, wakajipiga vidole. Tunawaambia tazama korosho.

Fizio_Lindi

Shikamoo Bi. Hayo ya kushoto kuanza na kuandaa pahala, kulia kuja kumalizia, Mfaransa Yves Guiard aliyaandika mwaka 1987. Na hilo la kutazama korosho ni Mechsner mtupu.

Kinanda_Masasi

Shikamoo Bi, asanteni wote. Vidole mezani vimegeuka kweli, nimeshtuka. "Mama njoo" inaingia mapajani, na mke wangu ameshauliza ni mama gani huyo anaitwa tangu jioni. Fizio, swali la pembeni: binti yangu yuko darasa la kwanza, akiandika kwa kulia, vidole vya kushoto navyo vinajikunja. Ni haya haya?

Fizio_Lindi

Ni ya ukoo mmoja, na kwa umri wake ni kawaida. Lile fungu la katikati bado linakomaa, na uwezo wa upande mmoja kuunyamazisha mwingine unakuja polepole. Kwa watoto wengi hupungua sana wakikaribia miaka 10. Usimfunge huo mkono wala kumkaripia. Akiwa mkubwa na bado mkono mmoja unaiga kila afanyalo mwingine, asiweze kuuzuia, mpelekeni kwa daktari wa neva. Hiyo ni hali ya nadra, mara nyingi ya kurithi, na jeni ya DCC ni mojawapo ya zinazohusika. Kwenu yupo mtu mzima wa namna hiyo?

Kinanda_Masasi

Hapana, hata mmoja.

Fizio_Lindi

Basi mwache aandike.